Upinde wa Mjomba wa Ng'ambo ya Mpaka

Mume wangu alikuwa seremala pale Makorora, na masika ile nzima hapakumalizika kitanda hata kimoja. Watu wanakuja kudai vitanda vyao, yeye yuko uani anachonga mishale. Maneno yao nikiyapokea mie mlangoni. "Kesho, inshallah," nawaambia, na moyoni natamani kuikusanya ile mishale yote nikachochee nayo maharage.

Mjomba wake, Mdigo wa ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya, alikuwa amemwita. Mzee alikuwa amechoka, macho yamepungua, na kwao upinde hauendi kwa mtoto wa kuzaa, huenda kwa mtoto wa dada. Sharti lake lilikuwa moja: mpwa aje msimu huo wawinde pamoja, amwone kwa macho yake kuwa anaweza, ndipo amkabidhi. Asipofika, atapewa mpwa mwingine. Na upinde ule mume wangu alikuwa akiutamani tangu hajatiwa jandoni.

Basi ikawa mipango, mipango na sisi! Lori mpaka Horohoro penye forodha, kisha mguu. Kila jioni huchora njia kwa chaki juu ya mbao za vitanda vya watu. Jana kapitia pwani, leo kapitia bara, kesho kafuta zote. Shabaha akijifunzia mgomba wa uani. Siku moja mshale ukaukosa mgomba ukampata kuku wa jirani yetu, mama mmoja wa Kibondei asiyemwogopa mtu. Mume wangu akamwahi kuku kwa kisu. Jirani akasimama, mikono kiunoni: "Hongera, mwindaji! Huyu umemfuata tangu pori gani?" Tulicheka mpaka tukakaa chini, na mchuzi tukaunywa sote watatu. Ah, zamani zile! Tulikuwa hatuna kitu, na raha imejaa nyumba.

Lakini na mie nilikuwa na langu. Mimba mbili zilikuwa zimeniharibikia, na hii ya tatu sikumwambia mtu, hata mama yangu mzazi. Nikiogopa hata kuitaja, isije ikasikia ikaniacha. Na wawindaji wa kwa mjomba walikuwa na mwiko wao: mume wa mja mzito haingii porini na silaha, kwani akiua huko, huua na kilichomo nyumbani. Ndiyo maana anayesafiri lazima amuulize mkewe kwa kinywa chake kabla ya kufunga mzigo.

Nilimpikia mikate ya mofa, nikamchomea na ng'onda, samaki wakavu wa kula njiani. Siku ya kuamkia safari, baada ya alasiri, akakaa mkekani na kamba mkononi, anacheka.

"Haya bibie, tutimize sheria ya wazee. Una mgeni ndani?"

Wallahi nilifungua mdomo niseme hapana. Ulimi ukakataa. Akanitazama, kicheko kikamtoka usoni.

"Tangu lini?"

"Tangu mfungo."

"Na siku zote hizi unanitazama tu nachonga?"

"Ulikuwa na furaha, bwana. Ningekunyang'anya vipi?"

Akaiweka kamba chini. Akaingiza mkono mzigoni, akatoa mkate mmoja, akaumega, nusu akanipa mie. Tukala. Asubuhi nilisikia msumeno uani. Alikuwa anamaliza kitanda cha watu.

Upinde akapewa mpwa mwingine, na mjomba akafariki kabla ya vuli. Hatukulaumiana. Tukahesabu kwamba tumetoa kimoja tupate kimoja.

Kisha mimba ile nayo ikaharibika.

Nililala nimeupa ukuta uso, sitaki kuona mtu. Alipoingia na bakuli la uji nikamfokea, maana hasira nilikuwa nazo na pa kuzipeleka sina. "Si bora ungekwenda! Sasa umekosa vyote viwili. Upinde huna, mtoto huna, umebaki na mie tu, gogo!"

Akaliweka bakuli chini. Akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Ningekwenda," akasema, "leo ungekuwa unaniangalia kama mtu aliyekuulia mwanao. Na mie ningejiangalia hivyo hivyo mpaka kufa. Geuka, mke wangu, unywe uji."

Nikageuka.