Kuti Lenye Kitambaa Chekundu

Nakumbuka asubuhi moja pale Munje, bibi yangu aliliinua kuti la kuezekea nililokuwa nimetoka kulishona, akaliweka mbele ya uso wake, akanitazama kupitia katikati yake. "Mwanasha," akaniita, "mbona nakuona mpaka hereni?"

Nikacheka. Jioni ile kulikuwa na harusi ya jirani, na akili yangu ilikuwa imeshatangulia ngomani. "Bibi nawe! Makuti haya si yetu, ni ya kuuza."

Bibi hakucheka. Aliliweka kuti chini, akaendelea na kazi yake.

Mwanangu, nilikuwa mrembo siku hizo, usinicheke, na uvivu wangu niliufunika kwa urembo. Majani ya mnazi ambayo bibi aliyabana matatu matatu kwenye kijiti, mimi nilipitisha moja, nikaruka, nikapitisha jingine. Kamba iliponiishia, sikwenda kusokota nyingine. Unajua leso huja mbili. Moja ya zile zangu nyekundu ilikuwa imechanika, basi nikaichana vipande nikafungia makuti. Mwenziwe nikabaki nayo. Mchuuzi akaja, akayabeba yote, nami nikaenda ngomani nikacheza hasa.

Mwaka haukuisha, nikaolewa Majoreni. Baba mkwe alikuwa ametujengea chumba kipya, kimeezekwa na Mzee Bakari, fundi aliyeezeka karibu nusu ya kijiji kile. Wiki ya tatu ya ndoa, mvua ya masika ikaanza. Ilikuwa mchana, maji yakaanza kudondokea kitanda, nikakimbilia sufuria. Nilipoinua macho kutafuta yanakotoka, nikaona kuti limefungwa kwa kitambaa chekundu. Nikajitazama kiunoni. Leso niliyokuwa nimejifunga ilikuwa na maua yale yale. Sikufichi, nilikaa palepale kwenye godoro lililolowa.

Baba mkwe akamwita Mzee Bakari. Hakumkaribisha hata ndani. Alimsema uani, watu wanasikia, kwamba amemwezekea mwanawe takataka. Mzee akapanda ngazi, akakaa juu kitambo, akashuka huku anapangusa mikono. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia ya chai. Alinitupia jicho mara moja tu, kwenye leso niliyojifunga, kisha akamgeukia baba mkwe.

"Makuti niliyachagua mwenyewe," akasema. "Kosa ni langu, niwie radhi."

Nakuambia ukweli, mwanangu, nilifurahi. Nilimimina chai ile kwenye vikombe kama mtu asiyejua lolote.

Siku tatu baadaye wifi yangu akaja na habari jikoni. Mzee Bakari alikuwa aezeke madrasa, sasa kazi amepewa fundi mwingine, watu wanasema mzee haoni vizuri tena. Nilikuwa napepeta mchele, nikauweka ungo chini. Nilijua nikisema nitaitwa bi harusi mvivu, labda nirudishwe Munje na sanduku langu. Lakini kila nilipofumba macho nilimwona yule mzee akipangusa mikono, na nilijionea haya. Nikaenda kwa baba mkwe, nikapiga magoti.

"Shikamoo, baba. Makuti yanayovuja niliyashona mimi."

Nikamweleza yote: harusi, leso, mchuuzi. Kisha akavaa kofia yake. "Twende ukamwambie mwenyewe."

Tulimkuta Mzee Bakari barazani kwake anachonga mpini wa jembe, kwa kukosa kazi. Nililia kabla sijamaliza maneno. Yeye akatia mkono mfukoni, akatoa vitambaa vyekundu vitatu, akaniwekea kiganjani.

"Nilivitoa kule juu asije akaviona mwingine," akasema. "Bi harusi wa wiki tatu, ningemtaja vipi?"

Baba mkwe akamshika mkono, akamwomba radhi, wakaenda pamoja kwa wazee wa madrasa. Upande mmoja wa paa ulikuwa umeshaezekwa na yule mwingine, kwa hiyo Mzee Bakari akapewa uliobaki. Mimi nilishona makuti mapya ya upande huo mpaka vidole vikavimba. Kila kuti mzee aliliinua mbele ya uso wake, akanichungulia. Siku ya mwisho akasema, "Sasa sikuoni," na wote wawili tukacheka.

Nakusimulia haya kwa sababu juzi, pale kwenye cherehani yako Ukunda, ulipokuwa unapitisha pindo ovyo, nilikusikia ukimwambia mwenzako, "Hii ni ya mteja, si yangu." Nilishtuka, maana ile ilikuwa sauti yangu. Kazi ya mikono yako ni yako hata ikishauzwa. Itakwenda, itamfika mtu, na huenda mtu huyo ukawa wewe. Na ukikosea, sema mapema, kabla mwingine hajakubebea aibu yako. Mimi nilichelewa siku tatu tu, na nusu ya paa lile la madrasa haikumrudia Mzee Bakari mpaka anafariki.

Fumua hilo pindo, mwanangu, ulishone upya. Mwenyezi Mungu akutilie baraka mikononi, akupe ulimi usioogopa kusema "ni mimi", na popote utakapoweka ubavu wako, ulale pakavu.