Mama Mkwe Kwenye Mdomo wa Shimo

Siku Mama Régine Numbi alipofanywa mkuu wa usalama wa machimbo, alikuwa anageuza mikate kwenye mafuta ya moto, na aliyemletea cheo alikuwa amekuja kununua mikate. Huyo ni Prezida Rigobert, mkubwa wa koperative ya wachimbaji wa kando ya barabara ya Kasumbalesa. Wanunuzi wa shaba kutoka ng'ambo walikuwa wamemwonya kwamba hawatagusa tena jiwe la machimbo yasiyo na mtu wa usalama, na kwamba ndani ya komite lazima awemo mwanamke. Rigobert hakuwa na mtu wa usalama, wala mwanamke hakuwa naye. Akaangaza macho huku na huku, akamwona mama wa mikate, akaona Mungu ni mwema, kampa vyote viwili katika mtu mmoja.

"Mama Régine, tangu leo njo weye sécurité yetu," akamwambia, mdomo umejaa mkate.

"Sécurité ya nini, Prezida?"

"Ya bantu bote. Jile tutakupatia."

Akapewa jile, kizibao cha njano kilichomfika magotini, na filimbi shingoni. Na kofia ngumu je? Zilikuwepo, tena mpya, zinang'aa, zimefungiwa ndani ya kontena lenye kufuli. Mama Régine alipouliza kwa nini wachimbaji hawazivai, Rigobert alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini suti ya harusi haivaliwi kupalilia mahindi. Zitachafuka, mama! Wageni wakija wachimbaji wavalishwe nini? Basi kazi ya mkuu wa usalama ikawa kuzipangusa vumbi.

Shimo lenyewe hakuruhusiwa kulikaribia. Huku kwetu hilo halina mjadala: mwanamke akichungulia shimo, shaba inakimbia. Inahama chini kwa chini mpaka Zambia, bila pasipoti, bila hata kupanga foleni na malori pale mpakani. Kwa hiyo mama huyu akawa analinda mashimo asiyoyaona, ameketi kwenye kiti cha plastiki karibu na geti, na sufuria yake ya mikate pembeni, maana cheo hakikuwa na mshahara.

Mwingine angecheka akaendelea na mikate yake. Mama Régine hakuwa mtu wa namna hiyo. Alikuwa mtoto wa reli: baba yake alishuka kutoka kaskazini ya Katanga kuja kujenga reli, na marehemu mume wake, Alphonse, alizeekea kwenye reli hiyohiyo. Alphonse alizoea kusema kwamba taa nyekundu ikiwaka treni isimame, hata kama dereva amembeba askofu. Mjane wake aliipokea filimbi kwa imani hiyohiyo. Usiku, nyumbani kwake katika mtaa wa Kenya, Lubumbashi, aliitundika ukutani chini ya rozari.

Tena alikuwa na mtu wake ndani ya shimo. Michée, mume wa binti yake wa pekee, Dorine, alichimba katika shimo walilolipa jina Kanaani kwa sababu shaba yake ilikuwa nyingi. Sheria inasema shimo lisipite kina fulani. Kanaani lilikipita zamani, likaendelea na safari zake. Dorine alikuwa na mimba kubwa, na kila jioni alisimama mlangoni hadi aone mumewe anarudi. Mama Régine aliomba jambo moja tu kwa Mungu: mtoto azaliwe amkute baba yake.

Sasa ungedhani angemwita huyo Michée amwambie, baba, angalia usije ukafa. Thubutu! Kuna buko, mwiko wa ukwe. Kwa watu wake, mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani usoni, hawaitani majina, hawali chombo kimoja. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kwenye majani. Michée alipofika kuchukua kofia siku za wageni, mama aligeuka mgongo akaiweka chini, naye akaiokota huku anaangalia kando. Wakiwa na neno la kuambiana, walimwambia mtu wa tatu, na kama hayupo, waliuambia ukuta. Mama mkwe kumwita mukwe wake kwa jina, tena hadharani, ni mpaka kuwe na maiti ndani ya nyumba.

Wanunuzi wakatuma binti wa kufundisha usalama, jina lake Joëlle, mpole, viatu vyake vyeupe mpaka ukavionea huruma. Alifundisha vizuri, si haki kumsema. Mvua ikinyesha, alisema, tafuteni ufa karibu na mdomo wa shimo. Ukiuona ufa, piga filimbi, na kila mtu atoke bila kuuliza. Wakafanya mazoezi. Mama Régine akapuliza, wachimbaji wakatoka mbio na kofia zao, wakapigwa picha, na kila mmoja akapewa soda baridi. Walishangilia kama watoto wa komunyo ya kwanza.

Tangu hapo kila wageni walipokuja ilikuwa hivyohivyo: filimbi, kutoka, picha, soda. Wageni wakishaondoka, Rigobert alimkumbusha mama asiipulize ovyo, kwa maana inaharibu uzalishaji. Wachimbaji waliipenda filimbi ile sana, wakawa wanamuuliza getini, "Mama, tutapiga filimbi siku gani? Koo imekauka." Mama alicheka nao, lakini moyoni hakupenda. Alphonse wake hakuwahi kugawa soda penye taa nyekundu.

Siku ya wageni wakubwa, mvua ilianza alfajiri, ikapiga kama imetumwa, halafu ikakatika ghafla jua likatoka. Rigobert akafurahi, akasema hata mbingu iko ndani ya koperative. Magari yakafika. Kofia zikagawiwa, filimbi ikapulizwa, watu wakatoka, wakapigwa picha, wakanywa soda. Kisha wageni wakataka kuona wachimbaji wakishuka, wakashuka na kofia zao, na Michée kati yao.

Wageni wakasogea kivulini karibu na kontena, wakakosa viti, kwa sababu viti vilibaki kule Kanaani walikokuwa wameketi mwanzo. "Mama Régine, kimbia ulete biti!" Rigobert akaamuru. Naam, mwanamke asikaribie shimo, lakini viti ni jambo lingine. Kwenye viti shaba huwa haijali.

Akaenda. Kiti kimoja kikakataa kunyanyuka. Akainama kuangalia kimenaswa na nini, akaona mguu wake umezama ndani ya ufa. Aliufuata ule ufa kwa macho, ukazunguka mdomo wa Kanaani ukarudi upande wa pili, na udongo wa ndani ulikuwa umeanza kudondoka. Aliacha viti, akarudi mbio na jile yake inapepea.

"Prezida, udongo inapasuka! Kanaani inapasuka!"

Rigobert hakuacha kutabasamu, kwa sababu wageni walikuwa wanamtazama. "Mama, kupasuka ni kupasuka tu," akanong'ona. "Bageni baende kwanza."

Mama Régine akatia filimbi mdomoni akapuliza mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Wageni wakageuka, wakapiga makofi. Mmoja akatoa kamera. Joëlle peke yake alisimama na soda mkononi, uso umebadilika, anamtazama Rigobert, na Rigobert akamwambia, "Huyu mama anapenda kazi, unaona?" Mama akapuliza tena, akakimbilia Kanaani huku anapuliza, na kutoka chini, kina kile kisichokuwepo kisheria, sauti ya mtu ikapanda kwa utani: "Mama, ya kwetu tulishakunywa!" Wenzake wakacheka huko gizani. Sururu zikaendelea kulia.

Filimbi ikamtoka mdomoni. Hapo ndipo alipojua kwamba alichokuwa nacho shingoni kilikuwa mapambo, kama kofia, kama jile, kama yeye mwenyewe. Akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa maisha yake yote. Akapiga magoti kwenye tope, akalala kifudifudi, akaingiza kichwa chake, kichwa cha mwanamke, ndani ya mdomo wa shimo, akaita.

"Michée! Michée eee! Ni miye, mama ya Dorine! Panda!"

Sururu zikanyamaza zote pamoja.

Chini kule Michée aliisikia sauti ya mama mkwe wake ikitaja jina lake mbele ya watu, na maana yake ilikuwa moja tu. Dorine amekufa, na mtoto tumboni. Akapiga ukelele, akaanza kupanda huku analia. Nao wenzake walijua desturi: mchimbaji akiletewa msiba, hakuna anayebaki chini kuchimba, hata shaba iwe imefumbua macho inakutazama. Wakavua kofia zote, maana mtu haendi kwenye kilio na kofia kichwani, wakaziacha kulekule chini, wakapanda nyuma yake mmoja mmoja wakinyamaza. Filimbi haikuwapandisha, kwenye msiba walikwenda wote.

Michée alitokeza kichwa, uso umelowa machozi na udongo. "Nani alikufa? Ni Dorine?"

"Hakuna! Hakuna alikufa, mutoto yangu! Toka hapa!" Na mama akamkamata shati kwa mikono miwili, mama mkwe mzima, akamburuta kama gunia la makaa. Watu wakaziba macho kwa aibu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwona usoni kwa karibu, akashangaa kwamba ni kijana mdogo namna ile, ana alama ya tetekuwanga kidevuni. Waliokuwa nyuma wakaruka nje, wa mwisho akajikwaa, wakamvuta kwa mikono.

Kisha Kanaani likajifunika. Halikupiga kelele nyingi. Ardhi ilishuka tu, pamoja na kiti kilichonaswa, na pale palipokuwa na mdomo pakabaki bonde linalofuka vumbi na mvuke. Joëlle akaketi chini na viatu vyake vyeupe akalia. Wageni wengine walisahau kupiga picha.

Wa kwanza kupata maneno alikuwa Rigobert, na ndiyo maana ni Prezida. "Mumejionea benyewe," akasema, anapangusa jasho. "Filimbi inalia, bantu banatoka."

Taarifa iliyosomwa baadaye katika mkutano iliwasifu wachimbaji kwa kuokolewa na kofia ngumu. Kofia hizo, kumbuka, ndizo zilizofukiwa peke yake. Komite ikasimama dakika moja kuzikumbuka, ikaomba nyingine. Joëlle aliinuka aseme alichokiona, akaambiwa ajenda imekwisha. Kuhusu Mama Régine, makosa yake yalikuwa mazito: alichungulia shimo, shaba ikafukiwa, kama wazee walivyosema. Jile ikapewa Princesse, mpwa wa Rigobert, msichana anayeogopa hata jongoo. Na pale getini likapigiliwa bango jipya la usalama, kanuni ya kwanza kwa herufi nyekundu: MAMA BUKO HAPANA KUINGIA.

Jumapili ile Michée na Dorine wakaja Kenya na kuku mweupe. Kuku huyo anafuta aibu. Akipokelewa akaliwa pamoja, buko inafunguka: mama na mukwe wanasalimiana, wanakula sahani moja, wanaitana majina kama watu. Mama Régine alikuwa ameitamani siku hiyo miaka mingi. Kila walipomtembelea alikula peke yake jikoni, akisikiliza binti yake anavyocheka na mumewe upande wa pili wa ukuta, na alichoka, acheni niseme ukweli, alichoka na jiko lile.

Michée akachuchumaa nje, mgongo umeelekea mlango, akamwambia kuku. "Kuku, umwambie mama, aksanti sana. Niko muzima juu yake."

Kutoka jikoni mama akajibu, "Kuku, umuulize: sasa atafanya kazi gani?"

Michée akamfunga kuku miguu upya. "Umwambie, banafungua shimo ingine, pembeni ya ile. Nitashuka kesho."

"Kuku, umuulize: mu Lubumbashi yote hakuna kazi ingine?"

"Umwambie nilitafuta."

Ilikuwa kweli, na mama alijua ni kweli. Dorine alikuwa ameshika tumbo, anatazama chini. Mama akauliza tena filimbi iko na nani. Iko na Princesse. Na soda je? Wangali wanakunywa.

Kuku akaanza kulalamika. Kisha Mama Régine akasema, "Dorine, mwambie bwana yako arudishe kuku."

"Aka! Mama, unamukatala? Yeye alikosa nini?"

"Simukatale. Ninamupenda sawa mutoto wa tumbo yangu, njo maana. Tukikula hii kuku, kesho nitamuita, atasema, ah, ni mama tu. Atanizoea sawa vile banazoea filimbi. Haya ya buko ibakie palepale."

Dorine akalia. Michée akamkumbatia kuku wake, akauinamia ukuta kwa heshima, akaondoka kwa kupitia nyuma ya nyumba. Mama akala peke yake jikoni.

Kesho yake alihamisha jiko la mikate, akaliweka nje ya uzio, mahali ambapo bango haliwezi kumfikia lakini sauti yake inaweza kufika shimoni. Michée akaja kazini na wenzake. Alipomwona mama mkwe wake, akaruka kando, akajificha uso kwa koleo, akazunguka kupitia matopeni nyuma ya malori, njia ndefu, mpaka magotini amechafuka. Mama Régine alimfuata kwa pembe ya jicho hadi alipoingia shimoni. Bado ananiogopa, akajiambia, na akashukuru. Halafu akatazama mawingu, akageuza mikate.