Safu ya Kuvuna

Mwajiri wangu alikuwa na malori, Mzee wa Kisomali aliyependa siasa kuliko chakula. Gazeti lilipofika Eldoret kutoka Nairobi alisoma kurasa za mbele hadi chai ikapoa, kisha akanisukumia ukurasa wa bei za hisa.

"Chukua hii namba yako," alikuwa akisema. "Haina hata picha."

Niliupokea kama nyama ya sikukuu. Nilikuwa karani wake kwa miaka mitano, na akiba yangu ilikuwa imekaa tu benki. Mimi nilitaka kununua hisa. Mama alitaka ninunue ng'ombe wa gredi, wale wa maziwa mengi. Pesa zilikuwa zangu, ndiyo, lakini bila baraka zake nisingepata usingizi.

"Ati kitu hakipandwi, hakivunwi, na wewe unaita mali," aliniambia.

Nikaamua kumwonyesha. Nyumbani kwetu Yamumbi nilining'iniza kamba kwenye ukuta wa sebule, kutoka juu hadi chini. Kila kampuni ilikuwa na kipande chake cha karatasi ngumu, nilichokishika kwa kibanio cha nguo. Juu kabisa niliweka kipande chenye majina ya safu: Jina, Jana, Leo, Kupanda. Mwanzoni palikuwa na Kushuka pia, lakini safu hiyo ilinitia huzuni nikaifuta. Kila jioni nilivipanga upya vipande hivyo, kampuni iliyopanda zaidi ikitangulia. Mama alilalamika tu kwamba vibanio vimeisha na nguo zinaanguka matopeni.

Siku hizo alikuwa akienda ngumbaru, masomo ya watu wazima, kanisani, na alisoma kila kilichokuwa na herufi, hata magunia ya mbolea. Jumamosi moja nilimkuta mbele ya kamba yangu, kidole juu ya safu ya mwisho.

"Hii nimesoma. Ku-pa-nda. Huyu amepanda, huyu amepanda, huyu amepanda sana. Sasa ya kuvuna iko wapi?"

Nilicheka hadi nikaketi. Nikamweleza kwamba ni bei inayopanda, kama mtu anavyopanda kilima. Hakuna mbegu hapo.

Yeye hakucheka. "Sawa. Lakini mwenye hiyo kitu anakula nini?"

Niliikagua kamba yangu safu kwa safu. Nilijua zipo kampuni zinazowagawia wenye hisa faida kila mwaka, ila sikuwahi kuandika hilo popote. Macho yangu yalikuwa kwenye kilima tu.

Wiki nzima nilichakura magazeti ya zamani kwenye stoo ya Mzee, nikitafuta matangazo ya faida. Nikaongeza safu ya tano, Kuvuna, halafu nikapanga kamba yote kwa kufuata safu hiyo. Kampuni niliyoipenda ikateremka hadi karibu na sakafu. Juu ikaja moja niliyokuwa nimeidharau, ambayo bei yake haikusogea wiki baada ya wiki.

"Hiyo angalau inakula na watu," alisema Mama. Hakusema ninunue, wala hakusema nisinunue. Nikapiga moyo konde nikanunua hisa zake kupitia benki, na mwaka mzima nikawa namwangalia usoni nione kama amenuna.

Bahasha ya kwanza ya faida ilipofika, niliona haya kuifungua mbele yake. Hundi yenyewe ingetosha kilo chache za sukari. Nikampa aisome mwenyewe. Alisoma polepole, akaomba kalamu, akaenda kwenye kamba, na chini ya Kuvuna akaandika kwa herufi zake kubwa: KIDOGO.

Nilijua sasa nitaambiwa habari za ng'ombe.

"Shamba mpya mwaka wa kwanza huwa hivyo," alisema, akikibana kipande mahali pake. "Usiing'oe."

Shamba. Aliiita shamba. Nilifurahi hadi nikamrudishia vibanio vyake vyote, isipokuwa kimoja, kilichoshika shamba letu.