Mtoto wa Miaka Minne Kakaa Eda

Jumatatu moja asubuhi, mtoto wa kike wa miaka minne aligoma kutoka nje kucheza.

Alijifunika kanga ya mwalimu gubigubi, akajikunyata pembeni mwa darasa. Walipomuuliza ana nini, akajibu taratibu kama mtu mzima, "Miye niko edani. Nimeachwa."

Aliyemwacha ni mtoto wa dada yangu.

Cheka, nimekuruhusu. Hata mimi nilicheka mpaka mteja akaniuliza kama juisi yake naitia mate. Kicheko kilinikauka siku ya pili yake.

Naitwa Zubeir. Nakamua juisi ya miwa pale Mtambile. Ukipita barabarani huwezi kunikosa, mashine yangu ndiyo kitu pekee kinachopiga kelele kunishinda.

Dada yangu Saada anasomea uuguzi Unguja, yuko mwaka wa mwisho. Mumewe, shemeji Masoud, ni mvuvi, na wakati huo alikuwa dago, kambi ya wavuvi huko mbali, ambako simu yake hushika mtandao siku inayojisikia. Mtoto wao Haitham wametuachia sisi, mimi na mama yetu, Bi Mgeni.

Mama kutwa yuko shamba. Mimi kutwa niko na mashine yenye meno. Kwa hiyo Haitham asubuhi anakwenda kituo cha kulea watoto. Bila kituo kile, Saada hasomi. Liweke hilo kichwani, maana ndilo lililoninyima usingizi.

Kituo chenyewe kizuri. Uji upo, bembea ipo, walimu wanapenda watoto. Balaa lilianza pale mkuu wa kituo, Mwalimu Ummkulthum, alipokwenda semina akarudi na taratibu.

Mtoto akifanya kosa, mzazi anapewa onyo. Maonyo yakitimia matatu, mtoto anatolewa. Jina la mtoto halitajwi mbele za watu. Na kituo kinazungumza na mzazi tu.

Mzazi tu. Mjomba hapana, bibi hapana.

Sasa niambie. Hapa Pemba mtoto mmoja analelewa na nusu ya kijiji, na nusu iliyobaki inatoa maoni. Huyo mzazi peke yake utampata wapi?

Jumatatu ile ile, mchana, ujumbe ukaingia kwenye grupu la wazazi. Grupu lenyewe anaandika mkuu wa kituo peke yake. Sisi wengine tunasoma na kumeza mate.

"Wazazi wapendwa. Mtoto mmoja, jina tunalihifadhi, mwenye begi la kijani lenye picha ya tembo, amempa mwenzake talaka. Tukumbuke kuwa tabia huanzia nyumbani. Hili ni onyo la kwanza kwa mzazi husika."

Jina wamelihifadhi. Tembo wamemwacha nje.

Mtambile nzima begi la tembo ni moja. Nililinunua mimi.

Alasiri mteja wangu mmoja, Himid, fundi baiskeli, akaja kunywa juisi na uso wa msibani.

"Pole, Zubeir. Dada yako bado kijana, atapata mwengine."

"Mwengine nani?"

"Mume. Si kaachwa?"

"Kaachwa na nani?"

"We ndo utuambie. Mtoto hawezi kujua talaka kama haijasomwa mbele yake."

Nikamwambia juisi imekwisha. Jagi lilikuwa limejaa, analiona.

Jioni nikamweka Haitham kitako, kashika kipande cha mkate wa boflo.

"Haitham, nani kakufundisha kuacha wake?"

"Asya."

"Asya si ndo uliyemwacha?"

"Ee. Kaniambia nimwache. Kasema wake huachwa, halafu hurejewa. Basi nkamwacha."

"Kwa hiyo ulimtii mkeo."

"Ee."

Nikamtazama mama. Mama akanitazama kwa jicho la nijaribu uone.

Kweli, mama anamtania. Bibi gani hamtanii mjukuu? Humwita mume wangu. Humwuliza, "Mume wangu, leo umeniletea nini?" Naye hujibu, "Uji nshaumaliza." Ndoa yao inaishia hapo.

"Neno la kuacha halijatoka kinywani mwangu," mama akasema. "Miye nimeolewa mara moja, na mume kafa niko naye. Sijaachwa ujanani, nije niachwe na hiki kibwengo?"

Basi jawabu nilikuwa nalo mkononi. Mtoto kafundishwa na mwenzake, hukohuko kituoni. Kilichobaki ni kwenda kusema.

Asubuhi nikafika mapema. Getini yupo Mwalimu Ruweida, binti tuliyesoma naye skuli moja, tukakaa darasa moja, tukanakiliana hesabu.

"Ruweida, nna neno kuhusu Haitham."

"We ni mzazi wake?"

"Ruweida. Unanijua."

"Nakujua, Zubeir. Ila we ni mjomba."

"Neno langu la dakika mbili. Yule Asya ndiye..."

"Usinitajie mtoto wa mtu." Akaziba masikio, wallahi, kama anayesikia taarabu mwezi wa Ramadhani. "Taratibu haziruhusu. Aje mzazi."

"Mmoja yuko Unguja, mwengine yuko baharini."

"Basi waje."

Kama vile wako chooni.

Kesho yake akaenda mama. Akarudi anaungua. "Nimewaambia, miye nimemzaa aliyemzaa. Wananiambia taratibu ni aliyemzaa. Sasa yule Saada nimemwokota?"

Na yule Asya ni wa nani? Hilo nalo likanishinda. Kahamia juzi kutoka Gando, haishi Mtambile, na kituo hakitaji jina la mtu. Hapa tunajuana mpaka mbuzi, lakini mke wa Haitham nilikuwa simjui kwao.

Wiki haijesha, onyo la pili likaingia. "Mtoto yule yule wa begi la kijani amemwambia mwenzake kuwa eda ikiisha atakwenda kumposa upya. Mzazi afike mwenyewe Alkhamisi ijayo. Asipofika, nafasi ya mtoto itatolewa."

Usiku Saada akapiga simu. Sauti yake nilikuwa sijaisikia hivyo tangu alipofariki baba.

"Zubeir, mitihani ya vitendo inaanza wiki ijayo."

"Waambie kituo."

"Nshawaambia. Nimewaambia ntazungumza kwa simu. Wamesema taratibu ni ana kwa ana."

"Na wakimtoa?"

Akaanza kunihesabia.

"Mama ana shamba. Wewe una mashine. Masoud ndo hatujui yuko wapi. Nani wa kukaa naye? Ntarudi miye, Zubeir. Ntaacha masomo."

Mwaka wa mwisho. Aache masomo kwa sababu mtoto wa miaka minne alimtii mkewe. Nililala nimekunja ngumi, ila wa kumpiga sikumwona.

Saada akaomba ruhusa chuoni, wakampa, kwa sharti arudi na boti ya kesho yake la sivyo arudie mwaka. Akaja huku katapika njia nzima. Alkhamisi tukaenda naye. Mimi na mama hatukualikwa. Tukaenda kama tunavyokwenda harusini, kwa kujuana.

Mwalimu Ummkulthum akatuweka kwenye baraza ya kituo. Akatukunjia uso mimi na mama, ila kumfukuza Bi Mgeni barazani hakuthubutu. Watoto wakicheza uwanjani mbele yetu, isipokuwa Asya, kakaa na kanga yake kizingitini. Eda kaishika barabara kuliko watu wazima.

"Bi Saada," Mwalimu akaanza, "sikuulizi mambo ya ndoa yako."

"Ndoa yangu haina mambo, Mwalimu."

"Alhamdulillahi. Lakini neno kama hili lina mwenyewe. Mtoto halioti. Kuna mtu mzima analisema mbele yake."

"Si kwangu, Mwalimu. Mtoto mwenyewe anasema kaambiwa na..."

"Watoto wengine hatuwataji."

"Sasa ntajitetea vipi?"

"Hatujaja kujitetea. Tumekuja kurekebisha."

Saada akainamisha kichwa. Machozi yakadondokea buibui. Nikafungua mdomo, Mwalimu akaninyooshea kidole. "Wewe si mzazi."

Nikaufunga. Niliwaza vitu ambavyo haviandikiki hapa, mama yangu ana simu ya kisasa.

"Kwa masikitiko," Mwalimu akasema, "leo nalazimika kutoa onyo la..."

Pikipiki ikapiga honi getini.

Akashuka mzee mmoja, kofia ya kiua imekaa upande, samaki wake kawafunga nyuma. Kazi yake ilimalizika mapema, hakujua kama barazani pana kikao. Akasimama getini, akapaza sauti kwa furaha zake zote.

"Asya. Mke wangu, njoo twende. Jana nilikuacha kwa ile kashata uliyonilia, leo nimekurejea."

Uwanja mzima ukageuka. Hata bembea ilisimama.

Asya akafunua kanga. "Ushanirejea, babu? Eda imekwisha?"

"Imekwisha, mama. Tena usinilie kashata, ntakuacha tena."

Nikamtazama Mwalimu Ummkulthum. Uso umemshuka, kinywa kiko wazi kwenye lile neno "la", halijafika "tatu".

Mama, kwa upole wa kuudhi, akauliza, "Mwalimu, mzee yule wa nani?"

Mwalimu akakifunga kinywa, kisha akakifungua.

"Mume wangu," akasema. "Mzee Shaame. Yule mtoto mjukuu wetu. Tunakaa Wambaa."

Mzee Shaame akatuona, akatupungia mkono. "Assalaamu alaykum. Huyu ndo mke mdogo. Mke mkubwa ndo huyo mlokaa naye, mwalimu wenu. Huyo sithubutu kumwacha."

Sijawahi kuona mtu akitafuta shimo la kuingia kwenye baraza ya saruji.

Nikimtendea haki Mwalimu, hakujua. Mke mdogo alilizoea, ni utani wa kila nyumba. Haya ya kuacha na kurejea yalikuwa yakifungwa na kufunguliwa juu ya pikipiki, kati ya Wambaa na Mtambile, kila siku ya Mungu. Na wiki nzima sote tuliokuwa na la kumwambia alituzuia getini.

Akamshika Saada mkono. "Nisamehe, mwanangu. Panda boti yako, kafanye mtihani. Haitham yuko kwangu."

Saada akapanda boti. Amefaulu, nikuambie mapema usije ukanisumbua.

Jioni ile grupu likaita. "Wazazi na walezi wapendwa. Maonyo mawili ya mwenye begi la kijani yamefutwa, na mzazi wake tunamwomba radhi. Babu mmoja, jina tunalihifadhi, mwenye pikipiki nyekundu na samaki nyuma, amepewa onyo la kwanza. Kuanzia kesho bibi, babu, mjomba na shangazi mnakaribishwa kuzungumza getini."

Lile la walezi nililisoma mara mbili. Na grupu likafunguliwa, sote tukaruhusiwa kuandika. Himid, asiye na mtoto pale, sijui nani alimwingiza, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuandika pole.

Siku ya pili nikampeleka Haitham mwenyewe. Akaenda moja kwa moja kwa Asya, kaliweka sawa begi lake la tembo.

"Asya, nimekurejea."

Asya akamtazama juu mpaka chini.

"Nshaolewa," akasema. "Na Ridha."

Haitham akanigeukia na macho ya mtu aliyedhulumiwa. Nikamnunulia kashata, nikamwambia asimwonyeshe babu wa mtu.

Funzo nililoondoka nalo ni hili. Ukitaka kujua mtoto katoa wapi neno, fungua mlango watu waseme, hata mjomba mpuuzi anayenuka miwa. Na kabla hujaandika kwamba tabia huanzia nyumbani, kasikilize kwanza wanazungumza nini kwenye pikipiki ya kwako.