Mayai ya Mama Sabuni

Jina lake la kuzaliwa lipo, limeandikwa kwenye kitambulisho, lakini kijiji kizima kinamwita Mama Sabuni na yeye haoni ubaya. Ni mwanamke anayefagia uwanja asubuhi, kisha akafagia tena jioni kwa sababu majani yameanguka bila ruhusa yake. Sufuria zake zinang'aa mpaka kitakoni, pale ambapo watu wengine huona moto umeshajichukulia wakaachana napo. Mgeni akiingia kwake hujikuta amevua viatu kabla hajaambiwa. Mumewe, fundi seremala asiye na kazi nyingi, aliwahi kuwaambia rafiki zake kwamba hata siku ya kuzikwa ataambiwa ajifute miguu kwanza.

Kwa hiyo kikundi cha akina mama ishirini kilipoletewa mashine ya kutotolesha vifaranga, hakuna aliyeuliza itakaa kwa nani. Ilikuwa sanduku la mbao na bati, kubwa kama kabati la vyombo, lenye droo nne, na kila droo ilibeba mayai hamsini. Joto lilitoka kwenye umeme wa jua uliofungwa juu ya paa, na siku za mawingu likatoka kwenye taa ya mafuta. Aliyeileta ni afisa mifugo, binti mwembamba mwenye pikipiki, ambaye wote walimwita Daktari. Alisema wazi kwamba mashine ni ya majaribio. Wangetotolesha awamu tatu, na awamu ya tatu ikishindwa kufikisha nusu ya mayai, mashine ingehamia kwa kikundi cha ng'ambo ya bonde, ambacho tayari kilikuwa kinaiulizia.

Jambo lenyewe halikuwa mchezo. Kila kiangazi, mashamba yakishakauka, wanaume wa kijiji hupanda lori kwenda machimbo ya mawe, safari ya siku mbili, wakaponde kokoto kwa miezi minne. Mume wa Mama Sabuni alikuwa amekwenda mara tisa, na kila aliporudi kikohozi kilikuwa kimeongezeka. Mfuko wake wa safari, wa turubai, ulining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba cha kulala. Mama Sabuni, anayependa kila kitu kikae mahali pake, aliuchukia mfuko ule hapo mahali pake. Vifaranga vikipatikana, vikachanjwa, vikauzwa mwezi baada ya mwezi, mwaka huu mume angebaki nyumbani. Hayo ndiyo aliyokuwa akiyawaza akigeuza mayai, na hakumwambia mtu.

Wahenga walishasema kuku wa maskini hatagi, akitaga haangui, na akiangua vifaranga huchukuliwa na mwewe. Kijijini walikuwa wamevuka hatua ya kwanza tu. Kuku walitaga vizuri, mambo yakaishia hapo.

Mafunzo yalikuwa ya siku moja. Daktari alieleza joto linalotakiwa, akaonyesha namna ya kugeuza mayai mara tatu kwa siku, na akasisitiza kwamba yai chafu lisiingizwe kwenye mashine. Hilo la mwisho Mama Sabuni alilipokea kama mtu aliyelisubiri maisha yake yote. Siku ya kupokea mayai aliweka meza mlangoni, na juu yake mabeseni mawili, kipande cha sabuni na kitambaa cheupe. Akina mama nao hawakukubali kuaibika. Wakayaosha mayai kwao kabla ya kuja, na walipofika yeye akayaosha tena kwa maji baridi ya kisimani, akayasugua moja moja, akayapanga kwenye kitambaa yakauke. Yai lenye doa alilirudisha, tena na maneno.

Awamu ya kwanza, mayai mia mbili yalitoa vifaranga arobaini na kimoja. Wakasema mkono bado mgeni. Awamu ya pili Mama Sabuni aliongeza sabuni, wakapata thelathini na vitatu. Siku ya kumi na sita yai moja lilipasuka ndani ya mashine, na harufu yake ikaingia mpaka kwenye mapazia. Alifungua madirisha yote, akapiga deki mara nne, kisha akakaa kizingitini akalia. Tangu aolewe, nyumba yake haikuwahi kunuka.

Maneno yakaanza. Kuna waliosema majogoo wa kijiji wamezeeka, na kuna waliosema mtu ana jicho baya. Daktari alikuja akapima joto akakuta sawa, akaangalia jinsi mayai yanavyogeuzwa akakuta sawa, akauliza yamewekwa siku ngapi kabla ya kuletwa akaambiwa hayazidi wiki. Aliondoka anakuna kichwa. Kuhusu kuosha hakuuliza, na mayai aliyoyakuta kwenye droo yalikuwa meupe na makavu kama ya dukani.

Ikabaki awamu ya tatu. Siku ya kupanga mayai, Mama Sabuni alikuwa ameosha mia moja sabini na sita tangu alfajiri, na maji ya ndani yalikuwa yamekwisha yote. Alipokuwa anafunga droo ya mwisho akaja wifi yake, dada wa mumewe, anayeitwa Kesho-Kesho kwa sababu ndilo jibu lake kwa kila jambo. Alikuwa na ndoo kuukuu ya rangi, na ndani yake mayai ishirini na manne yaliyolala kwenye majani makavu, yana manyoya na tope, na mengine yana kinyesi kilichokauka.

Mama Sabuni alimwambia arudi nayo. Kesho-Kesho akasema alikusudia kuyaosha jana. Wakabishana mpaka fundi akatoka kwenye karakana yake na randa mkononi, akauliza kama dada yake atafukuzwa na mayai yake kwa ajili ya maji ambayo hayapo. Basi yakaingia. Mama Sabuni aliyaweka peke yake kwenye kona ya droo ya chini, akachora kila moja msalaba kwa mkaa, ili yakianza kunuka ijulikane ni ya nani.

Siku ya saba ni siku ya kumulika. Adhuhuri ile alifunga dirisha kwa blanketi, akachukua tochi aliyoivisha boksi lenye tundu, akaanza kuweka yai moja moja juu ya mwanga. Yai lililo hai huonyesha mishipa myembamba myekundu na katikati kijidoa kinachotikisika. Mayai yake mazuri, yaliyooshwa mara mbili, mengi yalionyesha duara la damu iliyoganda, au ukungu mweusi ulioanzia kwenye ganda. Alihesabu mazima hamsini na mawili kati ya yote mia moja sabini na sita. Alifika kona ya droo ya chini akiwa ameshakata tamaa, akaweka juu ya tochi yai la kwanza la Kesho-Kesho, lina unyoya umegandia ubavuni.

Lilikuwa hai. La pili hai, la tatu hai. Kati ya ishirini na manne, ishirini na moja yalikuwa hai, yanatikisika ndani ya uchafu wao bila wasiwasi.

Mama Sabuni alizima tochi akakaa gizani. Nyuma ya ghala alikuwa na koo wake mwenyewe, aliyekuwa akiatamia kwenye takataka ambazo yeye hakuwahi kuzifikia kwa ufagio, na mwezi uliopita aliangua kumi kati ya kumi na moja. Koo yule hakuwahi kuoga, wala kuosha yai. Nyani haoni kundule, lakini siku hiyo nyani alikaa kitako akaliona lote. Mayai ya wenzake, ambayo watoto wao walinyimwa kula ili yaje kuwa vifaranga, alikuwa ameyaua kwa mkono wake, tena kwa bidii.

Na bado njia ya kukwepa ilikuwepo. Majogoo walikuwa wameshalaumiwa, wangeendelea kulaumiwa, naye angebaki Mama Sabuni asiye na doa. Mashine ingevuka bonde, na fundi angeshusha mfuko kwenye msumari. Akasikia mumewe anakohoa kule karakanani, kikohozi kile kikavu cha vumbi la mawe. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Akafungua mlango akatuma wito kwa wanakikundi wote na kwa Daktari.

Walikuja kesho yake mchana, wakakaa kwenye mikeka aliyoitandaza. Aliwaleta wawili wawili kwenye chumba cha mashine, akawaonyesha kwa tochi yai lililooshwa na yai la msalaba. Kisha akasimama mbele yao, mikono ameishika nyuma kama mwanafunzi.

"Si majogoo, na si jicho la mtu," akasema. "Ni mimi. Nimewaoshea mayai mpaka yamekufa. Mnisamehe."

Mwenzao mmoja, mama wa watoto sita, akasema kwa uchungu kwamba alileta mayai thelathini katika awamu zile tatu, na asubuhi zote hizo watoto wake walikunywa uji mtupu. Mama Sabuni hakujitetea. Alisema anajua, na kwamba vifaranga vyake mwenyewe vyote vya awamu zilizopita avichukue yule mama.

Kesho-Kesho ndiye aliyefuata kusema. Angeweza kumkanyaga wifi yake siku hiyo, na nafasi aliipata, maana miaka ishirini alikuwa amesemwa kuhusu vyombo vyake. Akajikohoza.

"Wifi, mimi siku zote nilijua uvivu wangu una kazi duniani," akasema. "Ila sikujua ni ipi."

Mikeka ilitikisika kwa kicheko, hata yule mama wa uji mtupu akacheka akifuta macho. Daktari hakucheka. Alisema kosa ni lake pia, kwani aliwaambia yai chafu lisiingie, asiwaambie lisafishwe vipi, wala hakuuliza. Akawaeleza kwamba ganda la yai lina vitundu vidogo visivyoonekana, na kuku anapotaga hulipaka utando mwembamba unaoviziba. Ukiosha, utando unatoka, na uchafu unaingia ndani pamoja na maji. Kinachotakiwa kusafishwa ni kiota. Tope likigandia kidogo, libanduliwe kwa ukucha, kavu kavu, na lililochafuka sana liliwe nyumbani.

"Ya Kesho-Kesho yamepona kwa bahati, msiige ndoo yake," akaongeza. Kisha akaangalia mashine. "Yaliyokufa yatoeni, yaliyo hai yapangeni droo mbili. Nyingine mbili zitabaki wazi. Zijazeni wiki hii kwa mayai yasiyoguswa na maji, na hayo mia moja ndiyo nitakayoyahesabu kuwa awamu ya tatu. Zaidi ya hapo siwezi kuwatetea."

Wiki ile Mama Sabuni alibeba ufagio wake nyumba kwa nyumba. Kuku ishirini na zaidi walifukuzwa kwenye viota vyao, majani ya zamani yakachomwa, mapya yakatandikwa, na mabanda yakapata usafi ambao baadhi ya vyumba vya watu havijaupata. Kwa Kesho-Kesho alitumia siku nzima. Mabeseni yake mawili aliyapeleka jikoni, na mlangoni akabakiza meza tupu. Akina mama walipoleta mayai aliyapokea kwa vidole viwili, ameuma midomo, akayapanga.

Lakini lori la machimbo lilikuwa linakuja baada ya wiki mbili, na mayai yanataka siku ishirini na moja. Anayelikosa lori hupoteza nafasi yake kwa msimu wote. Mama Sabuni alihesabu siku kwa vidole, akahesabu tena, siku hazikuongezeka. Asubuhi ya lori, mfuko ulikuwa umeshapangwa nguo. Honi ikalia barabarani. Fundi alikuwa amekaa kwenye benchi anapiga msasa mguu wa kiti, na hakuinuka.

"Baba watoto, lori hilo," mkewe akasema.

"Nimelisikia," akajibu. "Mtu aliyesimama mbele ya watu ishirini akasema kosa ni lake, mimi siwezi kukosa kumwamini siku saba." Honi ililia mara ya pili, kisha lori likaondoka na vumbi lake.

Siku saba zile Mama Sabuni alilala kwa vipande. Siku ya ishirini na moja, kabla ya jua kupanda, alisikia mlio mmoja mwembamba ndani ya sanduku, kisha mwingine. Alipofungua mlango saa nne asubuhi, Daktari akiwa pembeni na kalamu yake, droo zile mbili za mayai mapya zilikuwa zimejaa viumbe vilowevu vinavyopiga mbio juu ya maganda. Walihesabu mara mbili kwa sababu hawakuamini. Vilikuwa themanini na viwili. Daktari aliandika, akafunga daftari, akasema kikundi cha ng'ambo ya bonde kitafutiwe mashine yake.

Sasa ni kiangazi cha pili tangu siku ile. Fundi anatengeneza mabanda ya vifaranga kwa ajili ya vijiji vitatu, na kikohozi kimepungua, hakijaisha. Mama wa watoto sita ndiye msimamizi wa chanjo. Mama Sabuni bado anafagia mara mbili kwa siku.

Juzi mumewe alitaka mfuko wake wa turubai abebee misumari. Hakuukuta kwenye msumari. Akamkuta mkewe amechuchumaa karakanani, chini ya benchi, ambako mfuko ulikuwa umeanguka siku nyingi bila mtu kuujali. Kuku mweusi wa Kesho-Kesho alikuwa ametoka humo muda si mrefu. Ndani kulikuwa na maranda ya mbao na yai moja, bado lina joto, lina alama ya tope. Mkono wa Mama Sabuni ulikuwa umeshashika pembe ya kanga aliyojifunga ili alifute yai, kwa mazoea ya miaka. Ukasimama hapo kidogo, kisha ukaiachia kanga.

"Tafuta kitu kingine cha misumari," akamwambia mumewe bila kugeuka. "Mfuko huu una kazi."