Ekzosi ya Baridi

Watu husema mafundi wa Nangurukuru tunajua kutunga. Hili sikulitunga, na mkono uliogusa ndio huu ninaoshikia spana mpaka leo.

Ilikuwa baada ya alasiri, nimeanza kukusanya vifaa. Likaingia gari dogo jeupe kutoka upande wa Lindi, taa ya injini inawaka. Dereva, bwana wa makamo aliyevaa kanzu, akasema wanakwenda harusini Kivinje. Kiti cha nyuma alilala mwanamke, kajifunika khanga. Nikamsalimu, kimya.

"Mke wangu," akasema yule bwana. "Kichwa kinamuuma tangu Mchinga. Muache apumzike."

Nikachomeka mashine ya kupimia. Ikasoma P0420, namba ya masega, kile kichujio cha moshi ndani ya ekzosi. Sasa wewe usikimbilie kununua masega kwa namba hiyo tu. Bomba likitoboka nalo huidanganya mashine. Kwa hiyo nikaingia chini. Masega hayakuwepo. Huku kwetu kuna mafundi huyatoa wakayauza, wakaunga bomba juu juu, mwenye gari akaambiwa sasa litakuwa jepesi. Pale walipounga palikuwa pameachia, chini ya kiti cha nyuma, masizi yametapakaa.

Nikajisahau, nikalishika bomba kwa mkono mtupu. Niamini, gari limezimwa sasa hivi, limetoka Lindi, na bomba ni la baridi kama mtungi wa maji.

 Nikatoka chini, na kule kiti cha nyuma sikuthubutu kutazama.

Yule bwana akaniuliza taratibu, "Fundi, moshi wa hapo unaweza kuingia ndani ukamuua mtu?"

Nikamjibu, "Unaweza, kaka."

Akainama, akalia bila sauti. "Kila ninayemuuliza ananiambia ni mipango ya Mungu. Mimi nilitaka kujua tu. Alisema kichwa kinamuuma, nikamwambia lala, utaamka tumefika."

Nikageuka kumvutia kiti. Kurudisha macho, hakuna gari, hakuna mtu, na mchangani hakuna alama ya tairi. Mashine yangu imelala chini, imezima.

Mama ntilie wa ng'ambo ya barabara hakushangaa nilipomsimulia. Alinieleza kuwa miaka ya nyuma wale wawili walikutwa kando ya njia siku ya harusi ya mdogo wake yule mke, mke ameshakufa. Mume alibaki, akawa anazunguka kwa mafundi akiuliza, watu wanampa pole tu, mpaka naye akafa.

"Wewe umemjibu?" akaniuliza.

Nikasema nimemjibu. Akaendelea kuosha vikombe.

Yule bwana hajarudi tena. Ila mimi sijui kama nilimpumzisha au nilimzidishia, na hilo linanila mpaka leo. Masega ya mtu sitoi tena. Wenzangu wananicheka, waache wacheke. Nawe unayesafiri na mtu wako, akisema kichwa kinamuuma garini, simama. Mtoe nje apate hewa. Usimwambie alale.