Msalaba Mwekundu Mlangoni

Miaka ile ya tisini nilikuwa na kazi ambayo mama yangu hakuweza kuwaeleza majirani: niliwafundisha mameneja namna kampuni zao zitakavyosaidia jamii bila kuharibu. Chuo kikuu kilikuwa kimenipa neno "ushirikishwaji", nami nililitembeza mjini kama mchuuzi wa soksi.

Darasa letu lilikuwa Kawangware, katika ukumbi wa kanisa. Mazoezi yakawa kwenye vibanda vya Kibera, sehemu ya Kambi Muru: kila meneja apite mlango kwa mlango, awaulize watu wanahitaji nini kabla kampuni haijawaamulia. Meneja mmoja mpole, wa kampuni ya rangi, aliyetembea na mkebe wa rangi na brashi, akapata wazo. Ili tusisumbue watu mara mbili, kila mlango tuliomaliza aupake msalaba mdogo mwekundu, ulioinama upande. Nikamsifu mbele ya wenzake.

Hatukuwa tumefika mwisho wa kichochoro tuliposikia mabati yakilia. Tukarudi mbio. Muuza chapati aliyetujibu kwa ukarimu muda mfupi uliopita alikuwa juu ya stuli, anang'oa paa la kibanda chake.

"Mama, kuna nini?" meneja akauliza.

"Si nyinyi mmeweka X? Heri ning'oe mwenyewe kabla tingatinga haijakanyaga mabati yangu."

Meneja aliishi mtaa ambako mlango hupakwa rangi ili upendeze tu. Mimi sikuwa na kisingizio hicho: nikiwa mwanafunzi nilipanga chumba Kianda, humo humo Kibera, na huko hata mtoto alijua kwamba X nyekundu ni ya wabomoaji.

"Ni alama tu, mama. Ya kuonyesha tumeshaongea."

"Hata wale wengine huanza kwa kuongea."

Alipoamini hatimaye, paa lilikuwa chini. Meneja akaahidi kuleta mafundi wa kampuni wiki ijayo.

"Wiki ijayo? Na kesho asubuhi wateja wangu watakula wapi? Wakizoea kwa mwingine, si nimekwisha?"

Meneja alinitazama. Akavua koti, akaomba nyundo.

"Boss, hiyo tai ifunge kwa boriti, itasaidia!" fundi viatu wa jirani akapaza sauti, na kichochoro kizima kikacheka. Mimi nilishika bati nikaanza kueleza lilivyopaswa kulala.

"Mwalimu," mama akasema, "shika, usifundishe."

Paa lilirudi kabla ya jua kuzama, limepinda kidogo upande wangu. Ukabaki msalaba. Tuliusugua kwa mafuta ya taa, ukazidi kutapakaa.

"Paka mlango wote," mama akaamuru. "Ukiwa mwekundu wote, nani ataona X?"

Majirani nao wakasogea kudai milango yao ipakwe yote. Meneja akapiga magoti, brashi mkononi. Mama akawasha jiko, akatupa chapati ya kwanza kwenye kikaango.

"Haya," alimwambia meneja bila kuinua kichwa, "yale maswali yako yalikuwa yanasemaje?"